Mpako wa Pili

Ukuta ni wa ghala la zamani nyuma ya soko la Kibuye,
upande unaopigwa na jua la saa tisa.
Mita kumi na nane kwa nne. Niliupima kwa kamba ya kuanikia nguo.
Wenye sako walitaka kiboko, korongo watatu
na machweo. "Machweo mekundu," wakasisitiza,
"watu wayaone wangali barabarani."
Nikawapa machweo. Ndoo sita za rangi,
na kidole gumba cha kulia kikavimba.

Kisha akaja Lusweti na tarakilishi yake yenye ufa,
akaifunga picha kwa nyuzi zisizoonekana:
elekeza simu, subiri kidogo,
kiboko anapiga miayo, korongo wanaruka
hadi kwenye nyaya za stima, wanatua, wanajikuna.
Watoto wakapiga mayowe.
Mwenyekiti akapigwa picha kando ya kiboko, akavuta tumbo ndani.

Lakini nami nilikuwa na langu.
Simama penye nguzo, ile iliyoinama,
lenga jicho la kiboko, hesabu hadi saba,
usitikisike:
maji yanafunguka kama pazia
na ndani mna mtoto wa darasa la pili
ameukalia mkono wake wa kushoto.

Ndivyo nilivyojifunza kuandika.
Mwalimu Obadha hakuwa mkali, alikuwa na hakika tu.
"Anyiko, ukalie. Huo una kazi zake."
Nikaukalia hadi ukafa ganzi,
ukajaa sisimizi wasio na miguu,
huku wa kulia ukijikokota kwenye mistari,
a, e, i,
kama mgeni anayeulizia njia.
Miaka ishirini na sita nimeishi kwa mkono wa mgeni.
Kwa huo nimesalimia, nimekula, nimepaka machweo.

Yule mtoto nilimchora usiku, juu ya kioo cha tableti,
mlango nimeutia komeo. Kwa kushoto.
Mwezi mzima hakuna aliyehesabu hadi saba.

Jumamosi moja Mama Adero, muuza mapazia ya mitumba,
alifunga kibanda mapema akaja na kabambe yake,
simu ya vitufe iliyokazwa kwa mpira wa baiskeli.
Akainyanyua, akailenga kama wenzake.
Nilitaka kumwambia. Nikaona haya.
"Waona nini?" nikamuuliza.
"Ukuta," akasema.

Akaitia simu kifuani, akasogea,
akaupapasa ukuta kama apapasavyo mzigo
kabla hajaununua: kwa nyuma ya vidole.
"Hapa ulikuwa na haraka.
Hapa ulikuwa unafikiria pesa.
Na hapa, chini ya tumbo la mnyama,
ulichoka ukabadilisha mkono.
Mimi ni mtu wa vitambaa, najua nyuzi zinalalaje.
Hizi zimelala upande mwingine.
Hizi ndizo nzuri. Mbona chache hivi?"

Sikuwa na jibu. Sikuwa na habari.
Nikachuchumaa nikatazama: kweli,
mipigo kumi au kumi na miwili, minene, legevu,
imetoroka chini ya kiboko
bila ruhusa yangu.

Asubuhi ya Jumapili, soko likiwa bado linafagiliwa,
nikakoroga hudhurungi katika kopo la mafuta ya kupikia,
nikaitoa brashi mkono wa kulia
nikaipeleka nyumbani kwake.
Nikamshusha yule mtoto kutoka hewani
nikamketisha ukutani, palepale penye machweo,
mekundu yakimkatikia mabegani.
Mstari ulitetemeka. Rangi ilinichuruzika hadi kwenye kiwiko.

Lusweti alipofika akauliza, "Huyu naye nimfunge kwenye simu?"
Nikamwambia, "Mwache. Huyu hangoji bando."

Jumatatu wenye sako watakuja, na watakasirika.
Nilianza na mkono, maana ndio uliokaliwa.
Nimeutoa chini yake, nimeuweka juu ya goti,
vidole wazi.
Kile cha mwisho kimekuwa kirefu mno.
Nimekiacha.